Je, mtungi wa hewa unaua?

Mwezi huu tumeona yafaa kujibu swali ambalo akina mama wa jumuiya moja ya Bunda walituuliza tulipokutana nao msibani. Hawakuuliza kwa ubishi. Mmoja wao alisema hivi: "Sista, kila tunayemwona amewekewa ile mipira puani, baada ya siku mbili tunamzika. Mbona hamtuambii ukweli kwamba ile hewa inaua?" Wenzake wakaitikia kwamba ndivyo wanavyojua wao pia.

Swali hili tumelisikia Musoma mjini, tumelisikia Butiama, na hata ndani ya wodi yetu kutoka kwa ndugu wa wagonjwa. Si swali la kuchekwa, kwa maana linagharimu maisha ya watu. Si muda mrefu uliopita bibi mmoja kutoka vijiji vya upande wa Butiama alimleta mjukuu wake wa miezi 14. Mtoto alikuwa akihema mbio, nyama za chini ya mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi, na midomo imeanza kubadilika rangi. Tuliposogeza mipira ya oksijeni, bibi alimkumbatia mtoto akasema, "Wanangu, sindano mchomeni, dawa mpeni, lakini mtungi hapana. Babu yake alikufa nao." Tulikaa naye karibu nusu saa tukimsihi. Kwa mtoto wa hali ile, nusu saa ni muda mrefu mno.

Tulimwuliza babu alifariki lini. Ilikuwa mwaka 2021. Hapo tukaelewa hofu yake ilikotoka.

Wengi wetu twakumbuka miaka ile. Mgonjwa wa kwanza wa Korona hapa Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kuanzia mwisho wa Aprili mwaka ule takwimu hazikutolewa tena kwa zaidi ya mwaka mmoja, na watu wakazoea kusema "nimonia" au "changamoto ya upumuaji". Mwezi Machi 2021 Padre Charles Kitima, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, alieleza kwamba ndani ya miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista 60 walikuwa wamefariki. Chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya dharura imekwisha. Dharura iliisha, lakini hofu ya mtungi ilibaki majumbani mwetu.

Basi tuseme ukweli wote. Ni kweli kwamba wengi waliowekewa oksijeni wakati ule walikufa. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa mahututi wa Korona zaidi ya 3,000 katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, na matokeo yakachapishwa Mei 2021. Katika kila wagonjwa 100, 48 walifariki ndani ya siku 30. Wastani wa mabara mengine ulikuwa 31 au 32. Watafiti walieleza kwamba upungufu wa vifaa na wa watumishi wa kuwahudumia mahututi ni sehemu ya sababu ya tofauti hiyo. Sisi tuliokuwa wodini twaongeza jambo moja: wagonjwa wengi walitufikia siku ya saba au ya nane, baada ya kujifukiza nyungu, kununua vidonge dukani na kuzunguka kwingine kote. Mtu anayeletwa akiwa amebakiza pumzi chache huwekewa mtungi kwa sababu hali yake ni mbaya. Anapokufa, ndugu wanaona mtungi, hawaoni zile siku saba.

Sasa oksijeni yenyewe ni kitu gani? Hewa tunayovuta sote, pale Mwigobero ziwani au juu ya vilima vya Butiama, ina oksijeni karibu sehemu 21 katika 100. Iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Mapafu yenye afya yanaridhika na hiyo 21. Mapafu yaliyojaa maji na usaha wa nimonia hayawezi, hivyo tunamwongezea mgonjwa ile ile hewa ya Mungu, ila ikiwa nzito zaidi ya oksijeni. Haina sumu wala dawa ya usingizi. Ile mashine inayonguruma kando ya kitanda huvuta hewa ya chumbani, hukamata naitrojeni, na kuachia oksijeni ipite kwenye mpira. Umeme ukikatika mashine inasimama, na ndiyo sababu tunaweka mtungi karibu.

Mtungi nao una kikomo chake. Mtungi mkubwa wa lita 6,800, ukimpa mgonjwa lita 5 kwa dakika, unatosha karibu saa 22 na nusu. Lakini mgonjwa mahututi wa Korona aliweza kuhitaji lita 15 kwa dakika. Mtungi ule ule ulikwisha kabla ya saa 8. Fanya hesabu mwenyewe kwa wagonjwa wanne usiku mmoja, na mitungi inajazwa mbali. Zilikuwepo siku ambazo tulihesabu mitungi kabla ya kuhesabu wagonjwa, na hatupendi kuzikumbuka. Baadaye, katika ule mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021, ambao watu wengi wanaujua kwa madarasa yaliyojengwa, sehemu ya fedha ilielekezwa kwenye mitambo ya kuzalisha oksijeni na vyumba vya wagonjwa mahututi nchini.

Tuligusa nyungu, tuiseme kidogo. Mvuke hulegeza makamasi na mtu hujisikia nafuu puani. Haufiki kule ndani mapafuni ambako oksijeni inaingia kwenye damu, wala hauui kirusi. Na maji yanayochemka chini ya blanketi yenye mtoto ndani ni hatari kubwa. Hata Uingereza, mwaka 2020, madaktari wa Birmingham waliripoti kwamba watoto walioungua kwa kujifukiza waliongezeka sana kuliko kawaida. Tafadhali, mtoto mdogo asifukizwe.

Sasa tuje kwenye dawa, kwa maana hapa utafiti ulitusaidia kweli kweli. Tarehe 16 Juni 2020 watafiti wa Uingereza walitangaza matokeo ya dawa iitwayo deksamethasoni. Ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Sisi tuliijua tangu tukiwa wanafunzi wa uuguzi. Wagonjwa 2,104 walipewa, na wengine 4,321 walipata matibabu ya kawaida tu. Kwa wale waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilipungua kwa theluthi moja. Kwa waliokuwa wakipewa oksijeni tu, vilipungua kwa moja ya tano. Lakini msomaji, usiishie hapo kama walivyoishia wengi. Kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni, dawa haikuleta faida yoyote. Katika kundi hilo waliopewa dawa walikufa wengi kidogo kuliko wasiopewa, ingawa tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba dawa ndiyo iliyowadhuru.

Maana yake ni kwamba dawa ile ile inamfaa aliyelazwa na anayepewa oksijeni, lakini haimfai mwenye mafua na kikohozi anayetembea. Inapunguza nguvu za mwili za kupigana na ugonjwa, inapandisha sukari, na inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Hata hivyo tunaendelea kukutana na watu waliojinunulia dukani "zile ndogo za kifua". (Wapo pia wanaozimeza ili wanenepe. Hao tutawaandikia siku nyingine, na hatutawabembeleza.) Dawa nyingine zilizosifiwa sana wakati ule, mathalani hidroksiklorokwini na ivermektini, zilipopimwa kwa utaratibu huo wa kulinganisha makundi makubwa, hazikuokoa watu.

Jambo jingine tulilojifunza ni kipimo kidogo cha kidoleni, kile kinachobana ncha ya kidole na kuonyesha namba. Mtu mwenye afya huku kwetu huwa na 95 au zaidi. Ikishuka chini ya 90 anahitaji oksijeni. Korona ilitushangaza kwa kutuletea mzee anayezungumza vizuri, anatania hata, huku kipimo kinasoma 78. Kwa hiyo usimpime mgonjwa kwa mazungumzo peke yake. Lakini kipimo nacho kina udhaifu, na huu unatuhusu sisi hasa. Desemba 2020 watafiti wa Marekani walilinganisha namba za kidoleni na damu yenyewe ya mgonjwa. Kipimo kilipoonyesha hali ya kuridhisha, kati ya 92 na 96, damu ilionyesha upungufu mkubwa kwa karibu wagonjwa 12 katika kila 100 wenye ngozi nyeusi, na kwa wenye ngozi nyeupe chini ya 4. Vipimo hivyo vinapitisha mwanga kwenye ngozi, na rangi ya ngozi inaupotosha. Basi namba ikiwa 93 na mgonjwa anahema kwa shida, tunaamini macho yetu. Rangi ya kucha na vidole vya baridi pia hupotosha, ndiyo maana tunawaomba akina dada wafute kucha.

Mnaweza kudhani haya yalihusu Korona tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025, uliofanyika katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, uliwaangalia wagonjwa karibu 20,000 waliolazwa kwa maradhi yoyote. Mmoja katika kila 8 alikuwa mahututi, na wengi wa hao walikuwa kwenye wodi za kawaida kama yetu. Kati ya walioshindwa kupumua vizuri, waliokuwa wakipewa oksijeni hawakufika hata nusu. Hatukushangaa tuliposoma hayo. Na ushahidi kwamba oksijeni huokoa ulikuwepo zamani. Kule Papua New Guinea hospitali tano ziliwekewa mashine za oksijeni na vipimo vya kidoleni, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wenye nimonia vilipungua kutoka karibu 5 hadi karibu 3 katika kila watoto 100. Watoto wale walitibiwa na ule ule mtungi ambao bibi yetu aliukataa.

Je, oksijeni haina madhara kabisa? Inayo, ikitolewa kiholela. Kwa mtoto njiti, oksijeni nyingi mno huharibu macho, hivyo mkituona tunapunguza msidhani tunabana matumizi. Tena inachochea moto. Karibu na mtungi pasiwe na sigara, kibatari wala jiko la mkaa, na mgonjwa asipakwe mafuta ya mgando puani. Ndugu wasifungue wala kufunga koki wao wenyewe, hata kama mgonjwa anasema amechoka na mipira.

Wengine huuliza kwa nini tunawalaza baadhi ya wagonjwa kifudifudi. Mapafu mengi yako upande wa mgongo, na mtu akilala chali yanabanwa. Mwaka 2021 utafiti wa wagonjwa wa Korona zaidi ya 1,100 katika nchi 6 ulionyesha kwamba waliolala kifudifudi wakiwa macho na wakipewa oksijeni walihitaji mashine ya kupumulia mara chache zaidi. Siyo adhabu, na mjamzito wa miezi ya mwisho hatumlazi hivyo.

Tuje sasa kwenu nyumbani, maana ndiko muda unakopotelea. Chukua saa yenye mshale wa sekunde, au simu, mfunue mtoto kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi 2 hadi mwaka, 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi. Mtoto wa namna hiyo mwenye kikohozi apelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Lakini akiingia mbavu, akishindwa kunyonya, akilegea, akipata degedege, au midomo na ulimi vikibadilika rangi, usingoje asubuhi wala usingoje baba arudi toka ziwani. Kwa mtu mzima, angalia kama anakatisha sentensi ili avute pumzi, kama anahema mara 30 au zaidi kwa dakika, au kama mzee aliyekuwa na akili zake ameanza kuchanganyikiwa.

Yule mtoto wa miezi 14 alikaa na mipira siku tatu, pamoja na sindano za antibiotiki. Siku ya nne alikunywa uji na kuanza kuvuta mipira mwenyewe, akaisumbua wodi nzima. Bibi alituomba tumwonyeshe mashine inapoingizia hewa. Aliweka kiganja chake pale, akasikia inavyovuta, akasema, "Kumbe ni hewa ya humu humu ndani."

Mkiwa njiani kuja hospitali, kwa bodaboda au kwa gari la msamaha, mgonjwa asilazwe chali. Mzee akae wima akiegemea mtu. Mtoto apakatwe kifuani kichwa kikiwa juu, siyo mgongoni amekazwa kwa kanga, kwa maana kanga iliyokazwa inambana kifua. Njooni na kadi ya kliniki na vidonge vyote mlivyokwisha kumpa, hata vile mnavyoona aibu kuvionyesha.