Apple na Mzigo wa Kuhama Prosesa

Juni 6, 2005, mjini San Francisco, Steve Jobs aliwaonyesha waandaaji wa programu kompyuta ya Macintosh ikifanya kazi kama kawaida. Kisha akawafichulia kwamba mashine waliyokuwa wakiitazama haikuwa na PowerPC, prosesa iliyokuwamo ndani ya kila Macintosh iliyouzwa wakati huo. Ilikuwa na Pentium 4 ya Intel. Akaongeza kuwa kwa miaka mitano kila toleo la Mac OS X lilikuwa likiandaliwa kwa prosesa zote mbili, kimyakimya.

Chanzo kikubwa cha Apple kuhamia Intel kilikuwa joto na umeme. Mwaka 2003 Jobs aliahidi kwamba PowerPC G5 ingefikia kasi ya gigahezi 3 ndani ya miezi 12. Haikufika. Mwaka 2004, Power Mac G5 yenye kasi kuliko zote ililazimika kupozwa kwa kimiminika, na prosesa ya namna hiyo huwezi kuiweka kwenye kompyuta mpakato.

Lakini kubadili chipu ndiyo sehemu nyepesi. Kila familia ya prosesa ina amri zake, na programu iliyoandaliwa kwa moja haina maana yoyote kwa nyingine. Hata namba 1 inawagombanisha: katika baiti nne, PowerPC huihifadhi 00 00 00 01, ilhali Intel huihifadhi 01 00 00 00. Prosesa ya Intel ikisoma baiti za PowerPC bila kuzigeuza, moja inakuwa 16,777,216. Fikiria kosa hilo ndani ya faili la mishahara.

Kwa hiyo Apple ilitoa Rosetta, programu iliyotafsiri amri za PowerPC kuwa za Intel papo hapo, mtumiaji akiendelea na kazi zake. Ilipunguza kasi, ila iliwapa watu muda. Kompyuta za kwanza za Intel zilitoka Januari 2006, na kufikia Agosti zamu ilikuwa imekamilika.

Uhamaji uliofuata ulitangazwa Juni 2020, safari hii kuelekea muundo wa prosesa uitwao ARM. Muundo huo ulizaliwa Cambridge, Uingereza, mikononi mwa Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya Acorn. Chipu ya kwanza ilipowashwa Aprili 1985, Furber alitaka kupima umeme inaotumia, na kipimo kikasoma sifuri. Kumbe njia yake ya umeme haikuwa imeunganishwa. Chipu ilikuwa ikifanya kazi kwa umeme uliopenya kupitia pini nyingine! Ubahili huo ndio ulioipeleka ARM kwenye simu, na ndio uliowezesha MacBook Air yenye M1, chipu ya Apple ya muundo wa ARM, Novemba 2020, kufanya kazi bila feni.

Kinachostahili sifa zaidi katika M1 hakionekani kwa macho. Viini vya prosesa ya Intel huona data ikiandikwa kwenye kumbukumbu kwa mpangilio ule ule. ARM inaruhusu mpangilio huo kuvurugika ili kuokoa muda. Programu ya zamani ikitafsiriwa bila kujali tofauti hiyo, inaweza kukosea mara mojamoja, na kosa la aina hiyo ni gumu mno kulinasa. Apple iliweka ndani ya chipu yenyewe hali maalumu inayofuata utaratibu wa Intel pale Rosetta 2, programu inayotafsiri amri za Intel kuwa za ARM, inapofanya kazi. Huko ndiko kumjali mtumiaji kwa vitendo.

Kujali huko, hata hivyo, kuna kikomo. Rosetta ya kwanza iliondolewa mwaka 2011 katika toleo la Mac OS X liitwalo Lion. Quicken 2007, programu ya kutunza hesabu za fedha za nyumbani, ikagoma kufunguka, na kampuni iliyoitengeneza, Intuit, ikalazimika kutoa toleo lililorekebishwa mwaka 2012. Kampuni ndogo zilizokuwa zimekwisha kufungwa hazikuwa na mtu wa kurekebisha chochote. Kwa Rosetta 2, Apple ilitangaza mwaka 2025 kwamba itaendelea kuwapo hadi macOS 27, kisha itabaki sehemu yake tu kwa ajili ya michezo ya zamani.