Homoni hulinda mifupa, hazirudishi ujana

MWANAMKE anapokaribia umri wa miaka 50, ovari zake hupunguza kutengeneza homoni ya estrojeni na hatimaye hedhi hukoma. Homoni hiyo ndiyo inayozuia mifupa kupungua uzito kwa kasi. Hivyo, mama wa Musoma, Bunda au Butiama aliyezoea kujitwisha ndoo ya maji anaweza, miaka kadhaa baadaye, kuvunjika nyonga kwa kuteleza tu.

Dawa za kufidia estrojeni hutuliza joto la ghafla mwilini na kulinda mifupa, lakini hazizuii uzee. Mwaka 2002, utafiti wa Marekani uliohusisha wanawake zaidi ya 16,000 ulisitishwa kabla ya wakati, baada ya waliotumia estrojeni pamoja na projestini kubainika kupata zaidi saratani ya matiti na kiharusi. Uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa hatari ni ndogo kwa wanaoanza kabla ya miaka 60. Hata hivyo, dawa hizo zitumike kwa ushauri wa daktari pekee.

Mkoani Mara, kinga ya awali imo jikoni: maziwa, na dagaa wa Ziwa Victoria wanaoliwa pamoja na mifupa yao, huupatia mwili madini ya kalsiamu. Kutembea na kulima nako huimarisha mifupa.