Maji yavujapo kutoka kwa jirani wa juu: Chunguza kabla ya kulaumu

UGOMVI wa maji baina ya majirani huanza taratibu mno. Kwanza huonekana doa dogo la rangi ya chai kwenye dari ya jikoni au bafu. Baada ya wiki mbili doa hupanuka, rangi ikaanza kubanduka, kisha tone la kwanza likaanguka usiku wa manane. Anayeishi chini hupanda ngazi na kubisha hodi. Anayeishi juu humjibu kwamba kwake ni kukavu. Kuanzia hapo salamu hupungua, na aghalabu hukatika kabisa.

Mwandishi wa makala haya aliyapitia hayo katika jengo moja la ghorofa jijini Nairobi. Kwa miezi minne nilikuwa nikirejea kutoka kazini usiku na kukuta beseni limejaa maji jikoni. Jirani wa juu, mama mstaafu mwenye heshima zake, aliniambia mara tatu kwamba bafu lake halikuwa na kasoro. Mara ya nne hakufungua mlango. Nilimwandikia barua kali ya kumtishia mahakama, na niliihariri kwa makini kuliko habari yoyote ya ukurasa wa kwanza. Matokeo yake nitayaeleza baadaye.

Kisa hiki si kigeni kwa maelfu ya wakazi wa Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Kadiri nyumba za ghorofa zinavyoongezeka ndivyo sakafu ya mmoja inavyokuwa dari ya mwingine, na mabomba ya familia kadhaa hupita katika ukuta mmoja. Ni muhimu basi kwa mpangaji au mmiliki kuelewa mambo matatu: maji yanatoka wapi, nani anapaswa kurekebisha, na sheria inasema nini pale mazungumzo yanaposhindikana.

Maji hayaendi wima

Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya ni kudhani kwamba chanzo cha maji kiko juu ya doa moja kwa moja. Maji yakipenya sakafuni hufuata bomba, ufa au mteremko wa saruji hadi yapate pa kutokea. Doa lililo juu ya jiko lako laweza kuwa limetokana na bafu lililo mita kadhaa kando, au hata na nyumba nyingine.

Wakati wa kuvuja nao hutoa ushahidi. Matone yakianguka mchana na usiku bila kukoma, shuku bomba la maji safi, kwa kuwa bomba hilo huwa na shinikizo wakati wote. Ili kuthibitisha, mifereji yote ya nyumba inayoshukiwa ifungwe, mita isomwe, kisha isomwe tena baada ya saa moja au mbili. Namba zikiwa zimesonga, kuna mahali maji yanapotorokea.

Maji yakivuja tu baada ya mtu kuoga au kufua, yaelekea tatizo ni bomba la majitaka au sakafu ya bafu. Fundi aweza kumimina maji yaliyotiwa rangi ya chakula katika tundu la kutolea maji na kusubiri kuona kama rangi hiyo itajitokeza chini. Kuhusu sakafu, tundu huzibwa, maji ya kina cha sentimita mbili au tatu yakaachwa humo kwa saa 24, na alama ikawekwa ukutani. Maji yakishuka chini ya alama na dari ikalowa, basi tabaka la kuzuia maji lililo chini ya vigae limeharibika.

Kuna pia sababu inayojulikana sana na wakazi wa miji yenye mgao wa maji. Mtu hufungua mfereji, akakuta hakuna maji, akausahau wazi na kwenda zake. Maji yanaporudi usiku sinki hufurika, na wa chini huamshwa na mvua ya ndani. Hiyo si kasoro ya jengo bali ni uzembe, na tiba yake ni kukumbushana.

Usikae na unyevu

Walionena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa wakitania. Maji yakifikia nondo zilizo ndani ya saruji, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Nondo huvimba, saruji ikapasuka na vipande vyake kuanguka. Unga mweupe kama chumvi kwenye dari ni dalili kwamba maji yamekuwa yakipita ndani ya saruji kwa muda. Kuvu inayoota kwenye kuta zenye unyevu nayo huwatesa wagonjwa wa pumu, hasa watoto.

Hatari ya haraka zaidi ni umeme. Maji yakikaribia taa au swichi, zima swichi kuu ikiwa waweza kuifikia bila kugusa maji, kisha umwite fundi wa stima mwenye leseni. Usisubiri jirani akubali kosa kwanza.

Namna ya kumkabili jirani

Nenda mchana, bila jazba, wala usiende na kundi la watu. Badala ya kumwambia kwamba bafu lake linakuharibia nyumba, mwombe ashuke aone dari kwa macho yake. Pendekeza fundi mmoja mtakayemkubali nyote, akague pande zote mbili, na gharama ya ukaguzi mgawane. Anayeogopa kubebeshwa lawama huficha, ilhali anayeshirikishwa hufungua mlango.

Pamoja na hayo, weka kumbukumbu tangu siku ya kwanza. Piga picha zenye tarehe, andika saa ambazo maji huvuja, hifadhi risiti za mafundi na za vitu vilivyoharibika. Baada ya kuzungumza, tuma ujumbe mfupi wa kiungwana unaorudia mliyoafikiana. Umuhimu wake utaonekana hivi punde.

Kama wewe ni mpangaji, mwarifu mwenye nyumba au ajenti wake kwa maandishi. Jengo zima likiwa la mtu mmoja, mabomba na sakafu ni mali yake, na kwa kawaida ndiye wa kuleta fundi. Usikatae kulipa kodi kwa kulipiza. Sheria ya kukamata mali kwa deni la kodi, Sura ya 293, humruhusu mwenye nyumba kutafuta malipo yake kupitia kwa dalali, nawe utajikuta umepoteza samani kwa sababu ya dari.

Pale ambapo kila nyumba ina mmiliki wake, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 huwaweka wamiliki wote katika shirika moja. Shirika hilo ndilo lenye jukumu la kutunza sehemu za pamoja, ilhali kila mmiliki hutunza nyumba yake. Sheria hiyo inatambua pia kamati ya ndani ya kusuluhisha mizozo. Soma kanuni za jengo lenu kabla ya kumtafuta wakili.

Sheria yasemaje

Wengi huamini kwamba maji yakitoka kwa jirani, jirani hulipa, basi. Sivyo. Kesi mashuhuri kuhusu suala hili ilitoka Melbourne, Australia, na kuamuliwa mjini London na Baraza la Faragha mwaka wa 1913. Mtu asiyejulikana aliziba sinki katika ghorofa ya juu na kuacha mfereji wazi. Maji yakashuka na kuharibu bidhaa za mpangaji wa chini. Mpangaji huyo alishindwa. Majaji walisema kwamba kuwa na maji ya matumizi ya nyumbani ni jambo la kawaida, na mwenye jengo hawezi kulaumiwa bila uzembe wake kuthibitishwa.

Mfumo wa sheria wa Kenya una mizizi katika ule wa Uingereza, na funzo la uamuzi huo ni rahisi: ni lazima uonyeshe uzembe. Bomba kupasuka ghafla si uzembe kwa lazima. Lakini jirani aliyearifiwa kwa maandishi, akaonyeshwa ripoti ya fundi, kisha akakaa miezi bila kuchukua hatua, ana kazi ngumu ya kujitetea. Ndiyo maana ule ujumbe mfupi wenye tarehe una thamani kuliko makelele ya ngazini.

Kabla ya mahakama kuna wapatanishi. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinahimiza upatanisho. Wazee wa mtaa, wajumbe wa Nyumba Kumi au chifu waweza kuwakutanisha. Maji yanayovuja yakiwa ya choo, mwarifu afisa wa afya ya umma wa kaunti. Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kero ya aina hiyo yaweza kusababisha ilani ya kumtaka mhusika aiondoe.

Hayo yakigonga mwamba, Mahakama ya Madai Madogo iliyobuniwa na sheria ya mwaka 2016 husikiliza madai ya uharibifu wa mali yasiyozidi Sh1 milioni. Utaratibu wake ni mwepesi, waweza kujiwakilisha, na sheria inataka kesi iamuliwe katika muda wa siku 60. Usichelewe, kwani madai ya aina hii hupitwa na wakati baada ya miaka mitatu.

Jambo moja usilifanye kamwe: kumfungia jirani maji au kukata bomba lake. Kuharibu mali kwa makusudi ni kosa la jinai, na mlalamishi hugeuka mshtakiwa.

Nikirudi kwa kisa changu, hatimaye mwenye jengo alimleta fundi. Alipima bafu la yule mama kwa saa 24 na maji hayakushuka hata kidogo. Alipobomoa sehemu ya ukuta wa ngazi, alikuta bomba kuu linalopeleka maji nyumba zote limeoza kwenye kiungo. Jirani yangu alikuwa amesema kweli tangu mwanzo.

Nilipanda ngazi kuomba radhi. Alinikaribisha chai, kisha akanionyesha ukuta wa chumba chake cha kulala, ambao nao ulikuwa umelowa kwa miezi hiyo yote. Alikuwa amenyamaza kwa sababu ya barua yangu. Alihofia kwamba akisema ana unyevu nitauchukua kuwa ni kukiri kosa. Laiti ningaliomba kuona ukuta wake badala ya kumwandikia, tungalijua wiki ya kwanza kwamba sote wawili tulikuwa tukilowa kwa maji yale yale.