Gari Dogo Lililoshinda Safari

Sogeeni karibu na redio. Mwenye karatasi ya somo na aiweke mahali ambapo wenzake wataiona. Leo tutasoma habari za mashindano ya motokaa.

Najua wako watakaosema: sisi ni watu wa bahari, mashindano yetu ni ya ngalawa, motokaa zinatuhusu nini? Vema, basi tuanze na ngalawa. Ngalawa ikitangulia kufika, nani ameshinda? Ni yule aliyeshika usukani peke yake? Yuko aliyeangalia tanga. Yuko aliyeteka maji na kuyamwaga. Yuko na fundi aliyeichonga, ambaye siku ile amekaa pwani akitazama tu. Wote hao ni timu. Andikeni neno hilo: timu. Na motokaa ya mashindano ina timu yake vile vile. Yuko dereva. Yuko mwenziwe anayekaa kando yake na kumsomea njia, kama rubani anavyomwambia nahodha palipo na mwamba. Wako mafundi wanaongoja njiani na spana na magurudumu. Nyuma yao wote iko kampuni iliyotengeneza gari na kulipa gharama.

Mashindano tunayoyasoma leo huitwa Safari. Neno ni letu wenyewe, na leo watu wa mashindano ya motokaa ulimwenguni kote wanalijua. Yalianza mwaka 1953, mwaka aliotawazwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, nayo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Si mashindano ya kuzunguka kiwanja. Ilikuwa njia ndefu, kama kilomita 5,000 katika miaka ya 1970, usiku na mchana, milimani na nyikani, kwenye vumbi na kwenye tope. Kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka. Ninyi mnajua Pasaka inaangukia majira gani. Ni masika! Sina haja ya kumweleza mtu wa Pemba barabara ya udongo inavyokuwa wakati wa masika.

Tope lilikuwa kali kweli. Mwaka 1963 motokaa 84 zilianza, zikamaliza 7 tu. Mwaka 1968 zilianza 93, zikamaliza 7 tena. Na miaka yote hiyo miwili washindi walikuwa wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404.

Sasa sikilizeni vizuri namna mshindi alivyojulikana miaka ile, maana hapa pana hesabu. Motokaa haziondoki pamoja kama ngalawa. Huondoka moja baada ya nyingine, zikipishana kwa dakika chache. Njiani vilikuwako vituo, na kila kituo kilikuwa na saa yake. Dereva aliambiwa afike kituo fulani saa fulani. Akichelewa dakika moja, aliandikiwa pointi moja ya adhabu. Akichelewa dakika thelathini, pointi thelathini. Mwisho wa safari pointi zote zilijumlishwa, na mwenye chache kabisa ndiye aliyekuwa mshindi. Kwa hiyo aliyetangulia kuingia mjini huenda hakuwa mshindi. Watu wengi waliosimama kando ya njia walishangilia gari lisilostahili, wakaja kujua kesho yake.

Mwaka 1973 jambo kubwa lilitokea. Mashindano makubwa ya nchi mbalimbali yaliunganishwa yakawa ubingwa mmoja wa dunia, na Safari ikawekwa humo. Wakati huo kampuni ikishinda Safari, ilikuwa imeshinda katika daraja ya juu kabisa. Kampuni ya Datsun ya Japani ilikwisha kushinda Safari mwaka 1970 na 1971, lakini wakati ule ubingwa huu haujakuwapo. Mwaka 1973 ikashinda tena, na huo ndio ushindi wake wa kwanza katika ubingwa wa dunia. Dereva alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Pointi zake zilikuwa sawasawa na za Harry Källström wa Sweden, naye pia alikuwa ndani ya Datsun. Ikaamuliwa kwa sheria: ashinde yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Ikawa ni Mehta. Ikumbukeni sheria hiyo, tutaihitaji baadaye.

Mwaka uliofuata, 1974, ilikuja kampuni nyingine ya Japani, jina lake Mitsubishi. Maana ya jina hilo ni almasi tatu, na almasi hizo mtaziona mbele ya motokaa zake. Mwanzo wake utawapendeza watu wa pwani, maana mwaka 1870 ilianza kwa kazi ya merikebu, wala si ya motokaa. Ilikuwa imeshinda mashindano makubwa ya Australia, lakini katika ubingwa wa dunia haikuwa imeshinda hata mara moja. Gari lake liliitwa Lancer, nalo lilikuwa dogo. Inji yake ilikuwa ya ujazo wa lita moja na desimali sita. Porsche ya Wajerumani, iliyoendeshwa na Björn Waldegård wa Sweden, ilikuwa ya lita mbili na desimali saba. Kwa hesabu ya karatasi, gari dogo halikuwa na lake.

Lakini ndani ya gari dogo alikaa Joginder Singh.

Joginder alizaliwa Kericho, katika Kenya, mwaka 1932. Alikuwa mtu wa jamaa ya Sikh, wale ambao pwani tumezoea kuwaita Makalasinga. Baba yake alikuwa na gereji, na Joginder alijifunza kazi humo, mikono yake ikiwa katika girisi. Haya ni mambo makubwa katika habari yetu. Wako madereva wengi walioijua motokaa kwa usukani tu. Joginder aliijua kutoka chini ya tumbo lake. Kitu kikilia, alijua kinacholia. Njia ya shimo akaipita polepole, maana alijua springi ikivunjika itachukua dakika ngapi kubadilishwa, na kila dakika ni pointi.

Alikuwa amekwisha kushinda Safari mara moja, mwaka 1965, pamoja na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo iliyotumika, ambayo ilikwisha kukimbia Safari ya mwaka uliotangulia. Waliinunua, wakaitengeneza upya. Tena mwaka ule walipata namba 1, wakaondoka mbele ya wote. Wakati wa mvua hiyo ni bahati kubwa. Wa kwanza huikuta njia haijavurugwa. Wa hamsini hukuta mitaro ya magurudumu na tope la kumeza ekseli. Mtu aliyewahi kupita shambani nyuma ya magari mengi ya ng'ombe ataelewa bila kuelezwa zaidi. Hata hivyo, mimi siiti ushindi ule bahati tupu, maana bahati haiwezi kutengeneza gari kuukuu.

Basi turudi mwaka 1974. Mvua ilinyesha kwa nguvu. Katika Kenya iko ardhi ya udongo mweusi, ambao ukiloa hushika gurudumu kama gundi. Hapo nguvu ya inji haisaidii sana. Ukikanyaga mafuta, gurudumu linazunguka mahali pamoja na kujichimbia kaburi. Gari zito linazama, na watu wawili hawawezi kulitoa. Gari jepesi husukumwa, huinuliwa kwa jeki, huwekewa majani na matawi, likatoka. Waldegård alikwenda vizuri sana akawa mbele, na wengi walidhani ameshinda. Kisha gari lake likaharibika njiani, akapoteza muda, na pointi zikamrundikia. Joginder na mwenziwe David Doig waliendelea na mwendo wao, kituo baada ya kituo. Walipofika mwisho, hesabu ilionyesha kwamba wao ndio wenye pointi chache. Porsche ilikuwa ya pili. Lancia ya Sandro Munari wa Italia ilikuwa ya tatu.

Huo ulikuwa ushindi wa kwanza wa Mitsubishi katika ubingwa wa dunia. Mwaka 1976 Joginder na Doig walishinda tena, na mara hiyo Lancer zilichukua nafasi zote tatu za mwanzo. Joginder akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Wakenya walimwita Simba. Aliingia Safari mara 22, na mara 19 alifika mwisho, na mimi nadhani hesabu hiyo inamsifu kuliko vikombe vyake vitatu. Alifariki London mwaka 2013.

Mtu atauliza, kampuni inapata nini kwa kuharibu magari yake topeni? Inapata wanunuzi. Mwenye duka, mkulima na dereva wa gari la abiria walisema: lililomaliza Safari litamaliza na njia ya kwangu. Zamani barabara za Afrika Mashariki zilijaa magari ya Ulaya. Leo simameni Chake Chake penye magari ya abiria, msome majina yaliyoandikwa mbele na nyuma yake. Hilo nalo ni zoezi zuri la kusoma. Mengi mtakayoyasoma ni ya Japani. Sisemi kwamba ni Safari peke yake iliyoyaleta, maana bei nayo ina maneno yake, lakini ilisaidia.

Sasa shikeni kalamu. Tuseme Safari inafanyika Pemba, kutoka Mkoani, na vituo ni vitatu: Chake Chake, Wete na Konde. Gari la kwanza lilichelewa dakika 12 Chake Chake, halikuchelewa Wete, likachelewa dakika 45 Konde. Gari la pili lilichelewa dakika 20 Chake Chake, dakika 18 Wete, na dakika 9 Konde. Gari la tatu halikuchelewa Chake Chake, lilichelewa dakika 30 Wete, na dakika 17 Konde. Jumlisheni pointi za kila gari, kisha andikeni jina la mshindi. Msiharakishe, iangalieni tena ile sheria iliyompa ushindi Mehta. Jibu tutalisoma pamoja katika somo lijalo. Kwaherini.