Shinyanga hadi Geita: mzunguko unaogoma kupewa namba

Chukua kalamu na karatasi. Andika majina haya kwa mfuatano: Usagara, Shinyanga, Tinde, Isaka, Kahama, Geita. Unganisha kila mji na unaofuata kwa mstari. Mchoro wa namna hii wanahisabati wanauita grafu: miji ni vipeo, na barabara ni mistari inayoviunganisha.

Sasa mchezo wenyewe. Mistari ni mitano, kwa hiyo ipe kila mji namba kuanzia 0 hadi 5, bila kurudia. Kwenye kila mstari andika tofauti ya namba za miji yake miwili. Tunataka 1, 2, 3, 4 na 5, kila moja mara moja tu. Jaribu: 0, 5, 1, 4, 2, 3. Umeona? Mwaka 1967 Alexander Rosa aliandika kuhusu lebo za aina hii, na mpaka leo watu wanazichunguza.

Haya, tufunge mzunguko. Tangu Juni 2025, gari linatoka Geita hadi Usagara bila kupanda kivuko, linapita Daraja la J.P. Magufuli. Chora mstari huo. Sasa ni mistari sita, namba ni 0 hadi 6, na tofauti ziwe 1 hadi 6.

Mimi nilijaribu jioni nzima, nikaishia kuchafua karatasi. Sababu ni hii: anza safari Shinyanga, zunguka mpaka urudi Shinyanga. Namba zinapanda na kushuka njiani, lakini unaishia palepale ulipoanzia. Ulichopanda chote umekishuka. Kwa hiyo jumla ya tofauti ni mara mbili ya ulichopanda, yaani lazima iwe shufwa. Lakini 1+2+3+4+5+6 = 21. Witiri! Basi, haiwezekani.

Mchimbaji mdogo wa Geita anaweza kuchimba duara miezi na miezi asijue kama aendelee au aache. Sisi hoja fupi tu imetuambia: hapa hakuna dhahabu, weka sururu chini.

Ila ongeza Sengerema kati ya Geita na Usagara. Jumla inakuwa 28, shufwa, na safari hii jibu lipo: Shinyanga 0, Tinde 7, Isaka 1, Kahama 6, Geita 2, Sengerema 4, Usagara 3. Kagua mwenyewe.

Je, grafu yenye matawi isiyo na mzunguko, ile tunayoiita mti? Inaaminika kila mti unakubali, ila bado hakuna uthibitisho. Anza na huu: futa daraja na Sengerema, kisha tundika Nzega pale Tinde. Namba ni 0 hadi 6. Kazi kwako.