Mpatanishi Hana Rungu

Najua wengi mnalifungua jarida hili kutafuta mashairi ya mapenzi na vichekesho. Mimi kipawa hicho sina. Nimeonelea niwafafanulie jambo nililoliona kwa macho yangu mawili nikiwa nimeshika birika la chai, nalo ni upatanishi. Walionihusu wamenipa ruhusa niandike, mradi nisitaje jina la mtu.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Nyasi ni sisi watoto.

Mnaotoka pande zetu za Kabuchai mnaujua mpaka wa shamba. Si ukuta wala seng'enge. Ni mikonge iliyopandwa kwa mstari, na kati ya mkonge na mkonge ni udongo mtupu. Mwezi wa Machi mvua ikikaribia, maksai hufungwa nira na plau ikaingia shambani. Plau ikipinda kidogo tu, mstari mmoja wa mahindi umehamia upande wa pili. Mwaka unaofuata, mstari mwingine. Baadaye mkonge unajikuta umesimama katikati ya mahindi ya jirani, na siku moja unang'olewa kana kwamba haukuwahi kuwapo. Sasa jirani huyo akiwa ndugu ya baba yako wa tumbo moja, hapo ndipo mambo huharibika kabisa.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Baba na baba mdogo waliacha kusalimiana kwa sababu ya mistari minne ya mahindi. Mtoto wa baba mdogo, ambaye kwa desturi zetu ni ndugu yangu hasa wala si binamu, tunasoma naye darasa moja. Sisi wawili hatukugombana hata siku moja. Tuliambiwa tu tusionekane pamoja. Basi tukawa tunakuja shuleni asubuhi, yeye mbele mimi nyuma, kama watu wanaodaiana. Hata rula tuliyokuwa tukiazimana katika kipindi cha Hisabati ilibidi kila mtu atafute yake.

Jioni moja nikasikia mama akipiga nduru. Nilipotoka nje niliwaona baba na baba mdogo wamesimama mpakani, kila mmoja na panga lake. Majirani walifika mbio wakawatenganisha. Usiku ule hakuna aliyelala nyumbani mwetu. Asubuhi baba akasema anakwenda mahakamani Bungoma. Lakini mahakamani ungeanza vipi? Hati ya shamba bado ina jina la marehemu babu, kwa hivyo ingebidi kesi ya urithi itangulie. Halafu kuna wakili, mpima ardhi, nauli, na kuahirishwa. Sisemi mahakama ni mbaya. Nasema tu kwamba msimu wa kupanda haungoji tarehe ya kesi, na yale mapanga yalikuwa bado makali.

Aliyetuokoa ni senge, yaani shangazi. Alifika kutoka kwa mumewe bila kualikwa, akawaambia ndugu zake kuwa hakuzaliwa nao ili aje kuwazika. Ndiye aliyekwenda kumwona liguru, mzee wa kijiji, na pamoja wakamtafuta mzee mmoja wa ukoo mwingine. Mzee huyo hana shamba linalopakana na letu, hatudai wala hatudaiwi naye. Niliuliza kwa nini asiwe mzee wa ukoo wetu anayeijua historia yote. Senge akanijibu kuwa anayeijua historia yote huwa tayari ana upande.

Hebu kwanza tutenganishe maneno ambayo hata mimi nilikuwa nikiyachanganya. Hakimu husikiliza kisha huamua, na mmoja hushinda, mwingine hushindwa. Mwamuzi aliyechaguliwa na wagomvi wenyewe naye huamua, ila wao huwa wamekubali mapema kulifuata neno lake. Mpatanishi haamui kitu. Hana rungu, hana askari, hana mhuri. Kazi yake ni kuwawezesha wagomvi kusemezana hadi wao wenyewe wapate la kukubaliana. Wasipokubaliana, kila mtu huondoka na haki yake ya kwenda mahakamani ikiwa nzima. Wengine wataona huo ni udhaifu. Mimi pia niliona hivyo, hadi siku ile.

Walikutana Jumamosi chini ya mwembe wetu. Mzee alianza kwa masharti: asemaye asikatizwe, matusi yaachwe nyumbani, na panga lisionekane hata la kukatia nyasi za ng'ombe. Kisha akafanya jambo la ajabu. Baba alipomaliza kulalamika, mzee hakumwambia baba mdogo ajibu. Alimwambia arudie alivyosema kaka yake, mpaka kaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Baadaye ikawa zamu ya baba. Wasomaji, baba alishindwa mara mbili! Kila aliporudia maneno ya ndugu yake aliyachanganya na majibu yake mwenyewe. Senge alicheka, na hata baba mdogo nikaona mdomo unamcheza.

Halafu mzee akawatenga, baba akabaki mwembeni, baba mdogo akapelekwa nyuma ya ghala, naye akawa anakwenda huku na huku. Mimi nilikuwa napeleka chai pande zote mbili, kwa hivyo nilisikia kidogo hapa na kidogo pale. Kumbe baba hakuwa akiumwa na mistari minne! Alisema aliuza mtamba wake wa pekee kumlipia mdogo wake karo ya sekondari, na leo huyohuyo anang'oa mkonge uliopandwa na baba yao bila hata kumwuliza. Nyuma ya ghala nako mambo yalikuwa mengine. Baba alipoziba ua miaka kadhaa iliyopita, alifunga njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Baba mdogo alikuwa akizungusha mifugo yake barabarani kila siku, na akaona kwamba kama njia imeliwa, basi naye atakula shamba.

Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amemwambia mwenzake maneno hayo. Walikuwa wakibishana juu ya mahindi.

Mzee aliporudi mwembeni hakutoa hukumu. Aliwauliza tu, "Mkipata nini mtalala usingizi?" Kimya kikawa kirefu hadi chai ikapoa. Baba ndiye aliyesema kwanza kwamba njia inaweza kufunguliwa. Baba mdogo akasema basi kamba na ipimwe kutoka kwenye kisiki cha mkonge wa mwisho wa babu, ambacho kila mtu anakijua. Wakakubaliana wapande mikonge mipya pamoja, kwa mikono yao wenyewe, majirani wa pande zote mbili wakishuhudia. Yote yaliandikwa katika karatasi nilizochana kwenye daftari langu, zikatiwa sahihi, kila mmoja akabaki na nakala. Laiti mzee angeamuru hayohayo tangu asubuhi, nina hakika mmoja wao angekataa. Lakini mtu atalikataaje neno lililotoka kinywani mwake?

Baadaye, mwalimu wetu wa Historia alipofika kwenye mambo ya mwaka 2008, nilijikuta namwona yule mzee. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, Wakenya zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tarehe 22 Januari 2008 akafika Nairobi marehemu Kofi Annan wa Ghana, na pamoja naye katika jopo la Umoja wa Afrika walikuwa Graça Machel na marehemu Benjamin Mkapa, Rais mstaafu wa Tanzania. Annan hakuwa na jeshi. Aliziweka pande mbili katika meza moja kwenye hoteli ya Serena, watu wanne kila upande. Mmoja wa wajumbe wa serikali alikuwa jirani yetu wa Bungoma, Moses Wetang'ula, aliyekuwa mbunge wa Sirisia. Wakaanza na jambo ambalo hakuna angethubutu kulipinga hadharani, yaani kukomesha mauaji, ndipo wakaingia penye moto.

Katikati ya Februari aliwapeleka wajumbe Kilaguni, mbugani Tsavo, mbali na waandishi wa habari. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa nyuma ya ghala yao. Mazungumzo yalipokwama alisimamisha vikao vya wajumbe, akawaendea wakuu wenyewe, Mwai Kibaki na Raila Odinga, akisaidiwa na Rais Jakaya Kikwete aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari, siku 37 tangu Annan afike.

Tangu hapo sheria yetu imeutambua upatanishi waziwazi. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinazitaka mahakama zihimize upatanishi na njia za jadi za kumaliza migogoro. Mwaka 2016 Mahakama ilianza majaribio huko Milimani, Nairobi, ya kuzipeleka baadhi ya kesi kwa wapatanishi kabla hazijasikilizwa. Mpango huo ukaenea nchini. Yanayosemwa katika vikao hivyo ni siri, hayawezi kutumiwa baadaye dhidi ya aliyeyasema. Sasa nafahamu kwa nini baba alithubutu kuutaja ule mtamba nyuma ya mgongo wa ndugu yake.

Lakini nisiwadanganye kwamba upatanishi ni dawa ya kila ugonjwa. Tazameni Mlima Elgon, huo tunaouona tukiwa kwenye gwaride. Ugomvi wa mashamba ya Chebyuk ulianza miaka ya 1970, na mwaka 2006 ukazaa kundi lenye silaha, SLDF. Watu waliuawa, wengine wakakatwa masikio, na wengi wakakimbilia huku chini. Machi 2008 jeshi liliingia, nalo likalaumiwa na watetezi wa haki za binadamu kwa kuwatesa watu. Wazee wa Wabukusu, Wasabaot na Wateso walikuja kukubaliana juu ya amani huko Mabanga, hapa Bungoma, mwaka 2011. Huo ulikuwa mwembe mkubwa, na ninawaheshimu waliokaa chini yake. Hata hivyo, mtu mwenye bunduki mkononi hana haja ya kurudia maneno ya mwenzake. Mwembe wetu ulifaa kwa kuwa mapanga yaliwekwa chini kwanza.

Kuna la pili, na hili nalisema kwa uchungu. Katika vijiji vyetu msichana akinajisiwa, utasikia eti wazee wamekaa, mbuzi ametolewa, mambo yamekwisha. Huo si upatanishi. Kunajisi mtoto ni kosa la jinai kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, na kifungu kilekile cha 159 kinakataza njia za jadi kuvunja haki za binadamu. Ugomvi una watu wawili wanaoweza kukubali au kukataa. Mtoto aliyeumizwa hakuulizwa wakati wa kuumizwa, na kwenye kikao cha mbuzi pia haulizwi. Kesi hiyo ni ya polisi na mahakama, hata kama senge ni hodari namna gani.

Mtaniuliza hali ikoje kwetu sasa. Baba na baba mdogo hawajawa marafiki wakubwa. Krismasi iliyopita kila mtu alichinja kuku wake. Lakini husalimiana, njia ya mtoni iko wazi, na mikonge imeshika isipokuwa mmoja ulioliwa na mchwa. Hati nayo bado ina jina la babu, na sasa wanachanga pesa pamoja za kwenda kulibadilisha. Ndugu yangu hunipitia asubuhi tukaja shuleni pamoja. Rula yangu anayo yeye, na naomba airudishe kabla ya mtihani.