Saa Moja ya Mchezo kwa Wiki

Kati ya mwaka 1986 na 1987, watafiti wa Chuo Kikuu cha West Indies waliingia katika mitaa ya watu maskini ya Kingston, Jamaika, wakaandikisha watoto 129 waliodumaa. Wote walikuwa na umri wa miezi 9 hadi 24, na wote walikuwa wafupi kupita kiasi kwa umri wao, dalili ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Wakawagawa katika makundi manne kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza lilipelekewa nyumbani kilo moja ya maziwa ya unga ya watoto kila wiki. Kundi la pili lilitembelewa kila wiki kwa muda wa saa moja na mhudumu wa afya wa mtaani, aliyekuja na mfuko wa vitu vya kuchezea. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Kundi la nne lilibaki na huduma za kawaida za afya. Mpango huo ulidumu miaka miwili, kisha ukafungwa.

Dakta Sally Grantham-McGregor, aliyeongoza kazi hiyo, alitaka kujua jambo ambalo mama yeyote aliyewahi kuambiwa kliniki kwamba mwanawe amedumaa angependa kulijua: je, akili ya mtoto huyu inaweza kuokolewa, na kwa kitu gani?

Wahudumu waliobeba mifuko ile hawakuwa wataalamu wa saikolojia. Walikuwa wanawake wa kawaida wenye elimu ya wastani, waliofundishwa kazi na kusimamiwa kwa karibu. Mifuko yao haikuwa na kitu cha dukani cha bei ya kutisha. Chupa ya plastiki iliyokatwa na vizibo vya kutia na kutoa. Kipande cha boksi kilichochorwa picha na kukatwa vipande vinne, mtoto avipange upya. Vifuniko vilivyotungwa kwenye uzi, kitabu cha picha kilichoshonwa kwa mkono. Mhudumu alikaa chini na mama na mtoto, akatia kizibo ndani ya chupa, akataja neno, akamwachia mtoto ajaribu. Mtoto akifanikiwa, anasifiwa. Akikosea, anasubiriwa. Baada ya muda mfupi kazi ilihamia mikononi mwa mama, kwa kuwa yeye ndiye atakayebaki na mtoto siku sita zinazofuata. Mhudumu alipoondoka aliacha vile vitu pale nyumbani, na wiki iliyofuata akaja na vingine, vigumu kidogo kuliko vya kwanza.

Hapo kuna ufundi unaopita bila kuonekana. Mama hakuhutubiwa. Alionyeshwa, akafanya mwenyewe, akasifiwa kama mtoto alivyosifiwa. Alifundishwa pia kwamba kuosha vyombo, kuoga na kwenda sokoni ni nafasi za kuzungumza na mtoto, asihitaji kutenga muda asiokuwa nao.

Miaka miwili ilipokwisha, matokeo yalichapishwa mwaka 1991 katika jarida la tiba la Lancet. Watoto wa maziwa walikuwa wamesonga mbele kimaendeleo, watoto wa mchezo nao vivyo hivyo, na waliopata vyote viwili walikaribia kabisa kuwafikia wenzao wa mitaa ileile ambao hawakudumaa. Utafiti mwingi ungeishia hapo. Huu haukuishia hapo, na ndiyo sababu bado unazungumzwa.

Watafiti waliendelea kuwafuatilia watoto wale. Walipokuwa wanafunzi wa shule ya msingi, faida ya maziwa katika akili ilikuwa imefifia, na walipofika miaka 11 haikuonekana tena. Faida ya mchezo ilibaki. Walipofika miaka 17, vijana waliochezeshwa utotoni walisoma vizuri zaidi, walikuwa na wasiwasi na sonona kidogo kuliko wenzao, na walikuwa na uwezekano mdogo wa kuacha shule. Walipofika miaka 22 hawakujiingiza sana katika ugomvi na vurugu. Mwaka 2014 Paul Gertler, James Heckman mwenye Tuzo ya Nobel ya uchumi, na wenzao wa Jamaika walichapisha katika jarida la Science hesabu ya mapato: vijana hao walikuwa wakipata asilimia 25 zaidi ya wale wa kundi ambalo halikutembelewa, na walikuwa wamewafikia wenzao ambao hawakudumaa. Walipopimwa tena wakiwa na umri wa miaka 31 hivi, pengo la mapato lilikuwa limepanuka zaidi.

Tusitafsiri vibaya habari ya maziwa. Hakuna mtafiti makini anayesema mtoto mwenye njaa apewe vizibo vya chupa. Kilo moja ya maziwa katika nyumba maskini mara nyingi huliwa na wengi, na lishe ina kazi nyingine kubwa: kuzuia kifo, kujenga damu na mifupa, kupambana na maradhi. Lishe hujenga ubongo. Mazungumzo na mchezo huutumikisha. Seli za ubongo wa mtoto mchanga huunganishwa kwa kasi kubwa mno, na kufikia umri wa miaka miwili ubongo huwa umefika takriban asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Miunganiko inayotumika huimarika, isiyotumika hupunguzwa. Mtoto anayetoa sauti na kujibiwa, anayenyoosha kidole na kutajiwa jina la kitu, anapata kazi hiyo mamia ya mara kwa siku. Anayelazwa kimya mgongoni au mkekani toka asubuhi hadi jioni, hata akiwa ameshiba, anaikosa.

Udhaifu wa utafiti huu nao lazima usemwe. Watoto 129 ni wachache. Na mpango ulipopelekwa katika nchi nyingine kwa idadi kubwa zaidi, matokeo hayakuwa na nguvu ileile kila mahali. Nchini Kolombia watoto walionyesha maendeleo mazuri mwishoni mwa ziara, lakini walipopimwa tena miaka miwili baadaye tofauti ilikuwa imetoweka. Mimi nasoma hapo onyo la usimamizi: ziara zikifanywa haraka, na mhudumu asipofuatiliwa, kinachobaki ni kutembelewa tu.

Kwetu suala hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kenya, mwaka huohuo, ilikuwa asilimia 18. Hali mbaya zaidi Tanzania ilikuwa Iringa, ambako zaidi ya nusu ya watoto walikuwa wamedumaa, ikifuatiwa na Njombe na Rukwa. Hiyo ndiyo mikoa inayolisha nchi mahindi, maharage na viazi. Chakula kipo. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto ameachwa na dada yake wa miaka saba, uji wa mahindi mtupu unapikwa mara moja na kuliwa mchana kutwa. Anayetafuta tiba ya udumavu kwenye ghala pekee ataipata nusu.

Ingia kliniki yoyote siku ya kupima uzito. Mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, namba inaandikwa kwenye kadi, chanjo inachomwa, foleni inasogea. Ni kazi njema, imeokoa maisha ya mamilioni. Lakini mara ngapi mama anaulizwa: unazungumza naye? Anacheza na nini? Nani anabaki naye ukiwa kazini? Na wewe mwenyewe unalala vizuri? Swali hilo la mwisho si la adabu tu. Huko Jamaika ilionekana kwamba ziara za nyumbani zilipunguza dalili za sonona kwa akina mama wenyewe, na mama aliyezama katika huzuni hana nguvu ya kumjibu mtoto.

Watu wa Pwani na bara wana hazina yao wenyewe. Kumsimamisha mtoto dede, kumtekenya, kumbembeleza kwa nyimbo, kumtegea vitendawili akikua kidogo, kumtengenezea mwanasesere wa gunzi au gari la ndala zilizochakaa: haya yote ni uchangamshi wa awali, na bibi zetu waliufanya bila semina. Kilichopungua ni watu wa kuufanya, kwani bibi yuko kijijini na mama amepanga chumba kimoja mjini.

Dalili za matumaini zipo. Magharibi mwa Kenya, mradi uitwao Msingi Bora ulijaribiwa katika vijiji 60, wahudumu wa kujitolea wakiwakutanisha akina mama katika vikundi, na katika baadhi ya vijiji wakiongeza ziara za nyumbani. Watoto wao walipiga hatua katika uwezo wa kufikiri na lugha, na mikutano ya vikundi pekee ilikuwa nafuu kuliko kuichanganya na ziara. Tanzania ilizindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayotamka wazi kwamba afya, lishe, ulinzi, ujifunzaji na malezi yenye mwitikio ni kitu kimoja. Kenya mwaka 2023 iliwapeleka vijijini wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wenye mikoba ya mashine za presha, vipima sukari na mizani. Wanaopanga kazi za wahudumu hawa wawaongezee mafunzo ya mchezo na mazungumzo, wawalipe kwa wakati, na wawape msimamizi anayefika. Bila hayo matatu tutakuwa Kolombia.

Nchini Rwanda, mpango wa Sugira Muryango ulizitembelea familia maskini, baba na mama pamoja, katika jaribio lililohusisha zaidi ya familia 1,000. Akina baba walianza kushiriki malezi zaidi, viboko kwa watoto vikapungua, na hata ukatili dhidi ya wake ukapungua. Katika tafiti zote nilizozitaja, hiyo ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu inabomoa ile kauli kwamba mtoto mchanga ni wa mama mpaka aanze kuongea.

Basi wewe baba mwenye mtoto wa chini ya miaka mitatu: ukirudi leo jioni, weka simu pembeni, mkalishe mapajani, mwulize ameshindaje. Akikujibu kwa sauti zisizoeleweka, mjibu, usubiri, umjibu tena. Fanya hivyo na kesho.